Foleni ya superkompyuta haiishi kwa kuongeza mashine tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme kitu kuhusu hizi kompyuta kubwa za pamoja, zile ambazo watu wa hali ya hewa, wa dawa, wa fizikia na siku hizi watu wa akili bandia wote wanazigombania. Magazeti yakiandika habari zake huwa yanaandika ukubwa tu. Tulisoma Frontier ya Oak Ridge kule Marekani ilipovuka eksaflopu moja mwaka 2022, yaani mahesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde, tukasoma tena El Capitan ya Livermore ilipoipita mwaka 2024, na ni habari nzuri sikatai, ila sijaona mtu akiandika kuhusu swali ambalo kila mtumiaji wa hizi mashine anajiuliza kila siku: kazi yangu itaanza lini, na nani kaamua ianze baada ya kazi ya fulani?

Ninachotaka kusema ni kimoja. Watu wanaamini foleni ni ndefu kwa sababu mashine hazitoshi, wakati sehemu kubwa ya kusubiri inatoka kwenye taarifa mbovu, sisi watumiaji tunaidanganya skedula kuhusu muda tunaohitaji na wenye mashine hawatuambii skedula yao wameiseti vipi. Ukinunua mashine mara mbili bila kugusa hayo, foleni itapungua kwa muda halafu itarudi pale pale.

Kwa ambaye hajawahi kuzitumia nieleze haraka. Superkompyuta ni maelfu ya kompyuta zimeunganishwa kwa mtandao wa kasi sana, kila moja tunaiita nodi, na huingii tu ukaanza kuitumia hivi hivi. Unaandika skripti fupi, unasema nataka nodi kadhaa, memori kiasi hiki, kwa muda usiozidi saa kadhaa, unaisabmiti, halafu programu inayoitwa skedula inaipanga pamoja na za wenzako. Skedula zipo nyingi, PBS ilitokea NASA miaka ya 90, Slurm ilianzia maabara ya Lawrence Livermore na ndo imeenea sana sasa hivi, lakini zote zinapambana na tatizo lile lile, na ni tatizo gumu kweli. Kupanga kazi za urefu na upana tofauti kwenye mashine nyingi ili zote ziishe mapema iwezekanavyo, hakuna mwanahisabati aliyewahi kupata njia ya haraka inayotoa jibu bora kila mara, kwa hiyo kila skedula unayoijua inakadiria kwa kanuni fulani nzuri na kusonga mbele.

Sasa malalamiko. Kazi yangu ni kuwasaidia watumiaji wa klasta ya pamoja, yaani kundi la nodi zilizounganishwa kama nilivyoeleza, na ujumbe ninaopata karibu wote unafanana: "Kaka, naona nodi 40 zipo tupu kabisa na kazi yangu imekwama foleni tangu juzi, kuna nini huko?" Anaambatanisha na picha ya skrini, kwenye safu ya mwisho pameandikwa Resources (yaani nodi inazohitaji bado hazijapatikana) au Priority (yaani kuna kazi nyingine zimepewa nafasi ya mbele), na ukisoma kati ya mistari unaona ameshaamini kuna mtu anapendelewa. Mara nyingi hamna upendeleo wowote. Twende polepole na mfano mmoja, maana hapa ndipo penye kiini cha barua yangu.

Chukua klasta ya nodi 100. Nodi 60 zina kazi itakayoisha baada ya saa 4, nodi 40 ziko tupu. Wa kwanza kwenye foleni anataka nodi 80, hazijafika, anasubiri. Nyuma yake yupo anayetaka nodi 30, na kazi yake kwa kweli huwa inaisha ndani ya saa 3. Skedula ikifuata mstari kama ulivyo, nodi 40 zitakaa bure saa 4 nzima, na huko nyuma ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1995 David Lifka wa maabara ya Argonne alieleza mtindo waliouweka kwenye mashine yao ya IBM SP, ukajulikana kama EASY: wa mbele awekewe ahadi ya saa yake ya kuanza, na yeyote wa nyuma aruhusiwe kuingia kwenye pengo almuradi hamcheleweshi huyo wa mbele. Mpaka leo karibu kila skedula ina huo ujazaji wa mapengo. Kwa hiyo yule wa nodi 30 akiandika saa 3 anaingia sasa hivi, anamaliza, anaondoka saa nzima kabla wa nodi 80 hajaanza, na hakuna aliyeumia.

Tatizo ni kwamba hakuandika saa 3, aliandika saa 24, kwa usalama. Skedula inaangalia mbele: baada ya saa 4 nodi 80 zinachukuliwa, zinabaki 20, huyu ana 30 na kwa maandishi yake mwenyewe atakuwa bado yumo ndani, basi atamchelewesha wa mbele, hapana, abaki nje. Halafu wa nodi 80 anaanza, kazi yake ni ya siku 2, na mtu mwenye kazi ya saa 3 anajikuta kasubiri saa 52, na saa 4 za mwanzo nodi 40 zimelala bure mbele ya macho yake. Na si hilo tu, akija mtu wa tatu na nodi 20 kwa saa 24 anaruhusiwa papo hapo, kwa sababu 20 ndo zile zitakazobaki hata wa mbele akishaanza. Sasa huyu wa 30 akimuona mwenzake kafika nyuma yake na kapita, hasira inapanda, anaandikia wakubwa, wakubwa wanaandika ripoti kwamba mashine haitoshi inunuliwe nyingine, na kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni kubadilisha namba moja kwenye mstari mmoja wa skripti.

Sisemi watu ni wabaya. Ukiandika muda mdogo na kazi ikauvuka, skedula inaiua, haiulizi, mahesabu ya saa 11 yanapotea na pengine zilikuwa zimebaki dakika 20 tu. Mtu akishaumizwa hivyo mara moja anaanza kuandika muda wa juu kabisa unaoruhusiwa, anamwachia mwanafunzi wake skripti ile ile, mwanafunzi anamwachia mwenzake, miaka inapita na hakuna anayegusa ule mstari. Dror Feitelson wa Chuo Kikuu cha Hebrew ameshakusanya kumbukumbu za kazi za kweli kutoka mashine nyingi na kuziweka wazi kwa yeyote anayetaka kuzichambua, na ukizipitia unaona tabia ile ile sehemu baada ya sehemu, watu wanachagua namba chache zilizozoeleka, saa 1, saa 4, saa 12, siku nzima, na kazi nyingi zinaisha mapema sana kuliko ilivyoandikwa. Mwaka 2007 yeye, Dan Tsafrir na Yoav Etsion walionyesha kwamba skedula ikiacha kupanga kwa muda ulioandikwa na mtumiaji, ikachukua tu wastani wa kazi 2 za mwisho za mtu huyo huyo, upangaji unakuwa bora zaidi, na ule muda ulioandikwa unabaki kuwa kikomo cha kuiua kazi basi. Wastani wa kazi 2 tu! Yaani hesabu ya darasa la tano inamshinda mtu mwenye shahada tatu kukadiria kazi yake mwenyewe. Hapo nilitegemea kila mwenye mashine angekimbilia kuiweka, na bado sehemu nyingi skedula inaendelea kuamini kile kilichoandikwa na mtumiaji.

Najua kuna wataalamu watanijibu kwamba zipo tafiti zilizoonyesha makadirio mabovu saa ingine yanasaidia. Ni kweli. Kazi zikiisha mapema kuliko zilivyoandikwa, mapengo yanajitokeza ghafla na kazi fupi zinaruka ndani, kwa hiyo wastani wa kusubiri unaweza ukapungua. Ila hiyo faida wanaila wenye kazi fupi, na mwenye kazi pana ya nodi 80 anabaki na ahadi isiyoshikika, leo mfumo unamwambia ataanza Ijumaa, kesho yake unamwambia Jumatano, hawezi kupanga lini alete data wala lini akae tayari kusoma majibu. Mimi siuiti huo mfumo mzuri.

Dawa ya hofu ya kuuliwa kazi ipo na ni ya zamani, ni kusevu njiani. Programu inaandika hali yake kwenye diski kila baada ya muda ili ikikatwa iendelee ilipoishia. Watu wanakwepa wakisema kusevu kunakula muda, sawa, lakini hesabu yake inajulikana tangu 1974, John Young alitoa kanuni nyepesi: chukua muda wa kusevu mara moja, zidisha kwa wastani wa muda kati ya hitilafu moja na nyingine, zidisha kwa 2, halafu tafuta kipeo cha pili. Kama kusevu ni dakika 5 na hitilafu inatokea kwa wastani mara moja kwa siku, yaani dakika 1,440, unapata 14,400 na kipeo chake cha pili ni 120, basi sevu kila baada ya saa 2. Gharama ni dakika 5 kwa kila saa 2 za kazi, asilimia 4 hivi. Na ukishakuwa na hiyo, huna sababu tena ya kuomba siku 3 kwa mkupuo, unaomba saa 4, unaingia kwenye mapengo, unakatwa, unarudi foleni na kuendelea, na mara nyingi unamaliza kabla ya yule aliyeomba siku 3 hajaanza. Programu nyingi kubwa za kuigiza molekuli au hali ya hewa zinakuja na huo uwezo tayari, ni kuuwasha tu.

Upande wa wenye mashine nao nina la kusema, tena la moyoni. Nafasi kwenye foleni haitokani na nani kafika kwanza peke yake, kuna kitu kinaitwa mgao wa haki, wazo ambalo Kay na Lauder waliliandika mwaka 1988: kundi lililotumia sana siku za karibuni linashuka chini, lililotumia kidogo linapanda, na matumizi ya zamani yanasahaulika taratibu. Wazo zuri sana. Lakini yanasahaulika kwa kasi gani? Kwenye Slurm usipobadilisha kitu, matumizi yako yanahesabiwa nusu baada ya siku 7. Kituo kimoja kinaacha hivyo, kingine kinaweka mwezi, na huo ni uamuzi wa kisera kabisa, unaamua kama kundi lililobanana na tarehe ya kuwasilisha matokeo litasamehewa wiki ijayo au baada ya miezi, na kwenye vituo vingi mtumiaji wa kawaida hajui imewekwa ngapi, hajui kundi lake lina mgao wa asilimia ngapi, hajui kama kuna foleni nyingine ya wenye kulipa inayopita juu yake. Anaona tu Priority.

Mfano mwingine ambao hata baadhi ya maadmini, wale wanaosimamia mipangilio ya mashine, wanaupita bila kuuona. Slurm inapojaza mapengo huwa inaangalia mbele kwa dirisha la muda fulani, na mpangilio wa kawaida ni dakika 1,440, siku moja. Maelekezo yake yenyewe yanashauri dirisha liwe refu angalau kama muda mrefu kabisa unaoruhusiwa kwa kazi. Sasa kituo kinaruhusu kazi za siku 3 na dirisha limebaki siku 1, kinachotokea ni kwamba kazi pana inayohitaji kusubiri nodi zitakazoachwa kesho kutwa haipati ahadi kabisa, iko nje ya macho ya skedula, kazi ndogo zinaendelea kuingia mbele yake moja baada ya nyingine na yenyewe inaweza ikakaa foleni muda usiojulikana. Mstari mmoja kwenye faili la mipangilio. Mwenye kazi pana atalalamika mpaka achoke, ataambiwa mashine imejaa.

Mpaka hapo nimezungumzia mashine moja yenye bosi mmoja. Ukija kwenye gridi, ambapo vituo vingi vya taasisi tofauti vinaunganisha mashine zao watu wazitumie kwa pamoja, mambo yanakuwa magumu mara kumi. Wazo lilianza kupamba moto mwaka 1995 pale majaribio ya I-WAY yalipounganisha vituo 17 kwa ajili ya mkutano wa superkompyuta uliofanyika San Diego, kisha Ian Foster na Carl Kesselman wakaja na Globus, programu za kuunganisha vituo vya namna hiyo, na maelezo yaliyopendwa wakati ule yalikuwa kwamba nguvu ya kompyuta itakuwa kama umeme, unachomeka tu waya ukutani bila kujali mtambo uko wapi. Ni picha iliyovutia fedha na vipaji vingi na ninaiheshimu, ila kuna mahali inaishia. Umeme hauna data ya terabaiti 50 inayotakiwa ihamishwe kwanza, na anayewasha taa haulizwi ataiwasha kwa saa ngapi.

Tena kuna ukuta wa fizikia. Ndani ya klasta moja yenye mtandao mzuri, ujumbe kutoka nodi moja kwenda nyingine unachukua kama mikrosekunde 1 au 2. Vituo viwili vikiwa kilomita 1,000 mbali, mwanga wenyewe ndani ya nyaya za faiba unahitaji milisekunde 5 kufika upande mmoja tu, hapo haujapita swichi hata moja, na hiyo ni zaidi ya mara elfu mbili. Kwa programu ambayo nodi zake zinaongea kila hatua, kama zile za kuigiza mtiririko wa hewa, kuigawa kwenye vituo viwili ni kuiua. Halafu ili igawike lazima vituo vyote viwe na nodi tupu dakika ile ile, maana yake uweke nafasi mapema, na kuweka nafasi mapema kunamaanisha kila kituo kianze kuziacha nodi zikauke kabla ya saa kufika, huo ni muda wa wengine unamwagika. Ndo maana nasema gridi inawafaa wale wenye kazi maelfu zisizotegemeana, kila moja inaenda peke yake inarudi na jibu. Huko kwenye kazi za namna hiyo gridi imefanya maajabu. Mtandao wa vituo unaohudumia data za LHC, mashine ya kugonganisha chembe ya maabara ya fizikia ya CERN karibu na Geneva, una vituo kama 170 kwenye nchi zaidi ya 40, na chembe ya Higgs iliyotangazwa Julai 2012 ilipatikana kwa msaada wake.

Na hawa wa CERN walijifunza somo ambalo natamani kila anayejenga gridi alisome kabla hajanunua chochote. Mwanzoni mtindo ulikuwa wa kusukuma: dalali mkuu, yaani programu ya kugawa kazi, anasoma taarifa za vituo vyote, anachagua kilicho na nafasi, anaitupa kazi huko. Taarifa zile zilikuwa zimeshachelewa. Kituo kinaonekana kitupu, madalali wote wanakiona kitupu wakati mmoja, wote wanarusha kazi huko, baada ya muda kimefurika na vingine vimelala. Na kazi ikifika kwenye kituo ambacho diski imejaa au maktaba ya programu ina toleo la zamani inakufa papo hapo, nodi inabaki tupu, inaonekana ina nafasi, inaletewa nyingine, nayo inakufa, nodi moja mbovu inaweza ikameza mamia ya kazi usiku mmoja. Wakageuza mambo. Badala ya kutuma kazi yenyewe wanatuma kwanza kijikazi kidogo, wao wanakiita pailoti, ambacho kinasubiri kwenye foleni ya kituo kama kazi yoyote, kikipata nodi kinakagua hapa pazima au pabovu, diski ipo, memori ipo, na pakiwa pazima ndo kinaomba kazi halisi kutoka foleni kuu. Mfumo wa PanDA wa kundi la ATLAS unafanya hivyo, DIRAC ya kundi la LHCb inafanya hivyo, yote ni makundi ya watafiti wa LHC. Uamuzi wa kazi gani iende wapi unafanyika dakika ya mwisho kabisa, nodi ikiwa tayari mkononi, hautegemei tena taarifa ya nusu saa iliyopita.

Kuna wazo lingine la miaka hiyo ambalo naona halikupewa haki yake. Fran Berman na wenzake kule San Diego mwaka 1996 walikuja na AppLeS, wakisema skedula ya kituo haijui kinachoiumiza programu yako, kwa hiyo programu ibebe mpangaji wake mwenyewe, anayejua kama inabanwa na mtandao au na memori, na apange kwa utabiri wa hali itakavyokuwa wakati kazi inaenda badala ya hali ilivyo sasa. Rich Wolski akatengeneza mfumo wa kutabiri mzigo wa prosesa na kasi ya mtandao kwa ajili hiyo. Kasoro yake ni kwamba kila mmoja akijipangia kwa faida yake wanagongana, sawa, lakini kiini chake ni kile kile ninachokililia tangu mwanzo, kwamba upangaji mzuri unaanza na anayeijua kazi kuisema ilivyo. Condor ya Miron Livny kule Wisconsin, iliyoanza mwaka 1988 kwa kutumia kompyuta za mezani wenyewe wakiwa hawapo, siku hizi inaitwa HTCondor, nayo ilifika huko huko kwa njia nyingine: kazi inatangaza inahitaji nini, mashine inatangaza inakubali kazi za aina gani na saa ngapi, na anayezikutanisha anaangalia masharti ya pande zote mbili. Mwenye mashine anabaki na neno la mwisho juu ya mali yake. Bila hilo hakuna kituo kitakachokubali kuunganisha mashine zake na za wengine, na gridi nyingi nilizoona zikisuasua zimekwama kwenye hilo, mambo ya kiufundi yalikuwa yameshatatuliwa kitambo.

Ombi langu kwa wenye mashine za pamoja, iwe klasta moja au gridi nzima, wekeni wazi namba. Muda wa kawaida wa kusubiri kwa kazi ndogo, ya kati na pana, kila mwezi, kila mtu aone. Mgao wa kila kundi na matumizi yanasahaulika baada ya muda gani. Na mwache kujisifia kwamba mashine inatumika asilimia 95. Kwenye hesabu rahisi kabisa ya foleni yenye mhudumu mmoja, kazi zikiingia bila mpangilio na urefu wake ukiwa hautabiriki, matumizi ya asilimia 80 yanakupa kusubiri kwa wastani mara 4 ya urefu wa kazi, asilimia 90 mara 9, asilimia 95 mara 19. Klasta halisi ina wahudumu wengi na haibani kwa ukali huo, lakini inapinda vile vile. Anayedai asilimia 95 anadai pia foleni ndefu, basi aseme yote mawili kwenye ripoti moja, na anayetoa fedha aulize yote mawili.

Kwa watumiaji wenzangu, kazi ikiisha angalieni ilitumia nini. Kwenye Slurm amri ya sacct inakuonyesha muda ulioomba na uliotumia, memori uliyoomba na iliyofikiwa, dakika moja inatosha. Ukiona umeomba saa 24 na imetumia saa 3, wiki ijayo andika saa 4. Memori pia msiisahau, ukichukua prosesa moja na memori yote ya nodi hakuna mwingine atakayeingia hapo hata prosesa nyingine zote ziwe tupu. Na hizi GPU, prosesa maalumu zinazopiga mahesabu mengi kwa mkupuo, jamani, mtu anafungua daftari la Jupyter, ukurasa wa kuandikia na kuendesha programu papo hapo, mchana, anashikilia GPU, anaenda kulala, inakaa bila kupiga hesabu hata moja mpaka asubuhi na watu 15 wako foleni. Maadmini wekeni sheria ya kuifunga kazi ikikaa bure saa moja au mbili, watu watanung'unika wiki ya kwanza kisha watazoea.

Na wewe Mhariri, wakati mwingine waandishi wako wakienda kwenye uzinduzi wa mashine kubwa na kupewa namba ya flopu, wamuombe mhusika awaonyeshe foleni ya jana usiku: kazi ngapi zilikuwa zinasubiri, iliyosubiri zaidi ilikuwa na siku ngapi, na nodi ngapi zilikuwa tupu dakika hiyo hiyo.

Ni mimi msomaji wenu, mhudumu wa klasta